Kadi ya Kijani Namba Kumi na Nne

Waraka wa Ndani Namba Saba unatamka kwamba uwanja wa nyasi ulio mbele ya jengo la Idara utakuwa wa kijani mwaka mzima. Unatamka kwamba kijani, kwa madhumuni ya waraka huo, ni rangi ya kadi iliyoidhinishwa na kugongwa mhuri. Unatamka kwamba kadi hiyo itatundikwa kwenye nguzo pembeni mwa uwanja, mahali pa wazi, ili mtumishi yeyote aweze kujiridhisha wakati wowote. Na katika aya yake ya mwisho, ambayo imepigiwa mstari kwa rula, unatamka kwamba majira ya mwaka hayatakubaliwa kuwa udhuru.

Majira ya mwaka hayakupewa nakala. Waliopewa ni wakuu wa vitengo, mlinzi wa getini na mtunza bustani, ambaye alipokea ya kwake akiwa amepiga magoti anang'oa magugu. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaisoma mara mbili, kisha akainua macho mbinguni. Hakuwa anaomba. Alikuwa anaangalia mawingu, na mawingu yalikuwa yanaondoka.

Ieleweke kwamba Idara hii haina uhusiano wowote na kilimo. Kazi yake ni kupima vipimo vya watu wengine. Mizani ya sokoni, pishi ya muuza nafaka, fimbo ya muuza vitambaa, vyote huletwa katika chumba kimoja kisicho na dirisha na kulinganishwa na mawe na fimbo za shaba zinazokaa kabatini. Kinacholingana hugongwa mhuri. Kisicholingana huvunjwa kwa nyundo mbele ya mwenyewe, naye hupewa vipande vyake avibebe. Juu ya kabati hilo pameandikwa kwa rangi nyekundu: KIPIMO HAKIPIMWI. Maana yake ni kwamba mawe ya kabatini yapo kuhukumu, si kuhukumiwa. Siku mtu atakapoanza kuyapima yenyewe, atahitaji jiwe la kupimia mawe, kisha jiwe la kupimia jiwe hilo, na mwisho wa yote nchi nzima itarudi kununua sukari kwa kukadiria. Hoja hiyo haina tundu hata la kupitisha uzi, na watumishi wa Idara huishika kama mtu anavyoshika reli ya ngazi gizani.

Mtunza bustani anaitwa Sentimita. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili, faili limo masjala, na masjala hufungwa saa tisa alasiri. Hili la Sentimita amelipata kwa sababu kila Jumatatu huuzunguka uwanja na rula ya mbao, ile ya wanafunzi, akizipima nyasi urefu. Wakati wa masika huzikata zibaki sentimita nne, kwa kuwa zinakua kwa pupa na zinahitaji adabu. Kiangazi huziacha zifike sita, ili kila jani limtilie mwenzake kivuli. Kwenye baridi hazikati kabisa, hufagia tu majani ya miti na kunoa visu vya mashine. Miaka ishirini na sita amefanya hivyo, na katika miaka hiyo ishirini na sita hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini. Angeulizwa, jibu lilikuwa tayari.

"Nyasi hazifi," alikuwa akimwambia mlinzi wa getini kila kiangazi. "Zinalala. Nani hapa halali?"

"Mimi," mlinzi alikuwa akijibu, akiwa ameegemea ukuta na kofia imemfunika macho.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili nyuma ya soko, umbali wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Mkewe ni fundi cherehani. Cherehani imekaa barazani, na wateja wake ni wa miaka na miaka, watu ambao vipimo vya viuno vyao anavijua kwa kichwa na hunyamaza navyo kwa heshima. Tatizo lake ni moja. Macho yake, ambayo yanaweza kumtambua mteja kutoka mwisho wa barabara na kumjulisha kwamba ameongezeka, hayaoni tena kitu kilicho karibu. Miwani aliyoandikiwa ilimwonyesha sindano mbili, na kwa bahati mbaya uzi ulikuwa ukipita kwenye ile isiyokuwepo. Basi kila asubuhi, kabla hajaondoka, Sentimita hukaa kwenye kigoda na kumtungia uzi sindano kumi na mbili: nne nyeusi, tatu nyeupe, na zilizobaki kulingana na kazi ya siku. Huzichomeka kwenye kimto kwa mpangilio, mkewe akizitumia moja moja kwa vifungo na mapindo. Sindano ya kumi na mbili ikiisha, siku imeisha. Mabinti zao wawili wameolewa mbali. Jirani wa kulia hutetemeka mikono, na wa kushoto hawaongei naye kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Yote haya yanahusiana na nyasi kwa njia ya aya ya nne ya waraka, iliyosema kwamba uwanja ukishindwa ukaguzi mara mbili mfululizo, mtunza bustani atahamishiwa kituo cha ng'ambo ya milima. Kituo hicho hupima uzito wa malori. Ni lami tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Bustani yake ni pipa lenye mti mmoja, na mti wenyewe ni wa plastiki. Watumishi hulala chumba kimoja chenye vitanda vinne, wanaume tupu, na basi la kutoka huko hupita Jumamosi kama halikuharibika. Sentimita alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu.

Asili ya waraka ilikuwa mgeni. Kiangazi kilichotangulia, mheshimiwa fulani kutoka makao makuu aliteremka kwenye gari, akautazama uwanja uliolala, akauliza kwa ukarimu, "Hapa mnajenga nini?" Mkuu wa Utawala hakulala siku tatu. Huyu ni mama mmoja mwenye sauti ya chini na mwandiko mzuri, anayeitwa na watumishi, akiwa hayupo, Mama Waraka. Si mtu mbaya. Ukifiwa atakukumbuka, ukijifungua atakupongeza, ila vyote viwili kwa waraka. Alifunga safari mwenyewe hadi duka la rangi, akapindua kadi za sampuli mpaka muuzaji akamletea kiti, na hatimaye akachagua Kijani Namba Kumi na Nne. Kadi ikagongwa mhuri, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, ikapigiliwa misumari minne kwenye nguzo inayopigwa na jua la mashariki asubuhi na la magharibi jioni.

Ukaguzi wa kwanza ulifanyika masika yakiwa yanaishia. Kamati ilikuwa na watu watatu: Mama Waraka, karani mwenye daftari, na Mpimaji Mkuu, mzee mwembamba ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akifumba jicho moja kazini na sasa hulifumba hata akila. Alisimama kando ya nguzo, akafumba jicho, akatazama kadi, akatazama nyasi, akarudi kwenye kadi.

"Zinalingana," alisema.

Karani akaandika kwamba zinalingana.

Kisha mvua ziliondoka kabisa, na mambo yakaanza.

Kumwagilia bustani maji ya bomba kulikuwa kumekatazwa. Katazo hilo ni la Waraka Namba Tano, uliotiwa saini kwa kalamu ileile. Sentimita aliupima uzito wa waraka mmoja na mwingine, akaona zimelingana, akaenda jikoni kuomba maji yaliyosuuzia vikombe vya chai. Idara hunywa vikombe arobaini asubuhi na arobaini mchana. Alibeba maji hayo kwenye ndoo kila siku, lakini kwa ndoo moja mtu huchagua pa kumwaga, naye alimwaga karibu na mlango wa jiko. Pakaota kijani kizuri chenye ukubwa wa mkeka wa watu wawili. Uwanja uliobaki ulifanya kile ulichokuwa ukifanya miaka yote ishirini na sita. Ulipauka, ukawa manjano, ukalala.

"Mzee Sentimita," mlinzi alimwita siku moja, "kule ng'ambo utapima nini? Lami haioti."

"Nitakupima wewe ulimi."

"Utahitaji rula ndefu, mzee mwenzangu."

Wiki moja kabla ya ukaguzi wa pili Sentimita alitoka nyumbani amesahau chupa yake ya chai. Mkewe alimfuata nayo. Alisimama getini, maana mgeni haingii bila kuandikishwa, akampungia mkono mumewe aliyekuwa katikati ya uwanja kama mtu aliyesimama jangwani akisubiri basi.

"Baba watoto," aliita, "ile kadi yenu ndiyo ipi?"

"Ile pale kwenye nguzo."

"Ile ya kaki?"

"Ya kijani."

"Mimi sioni sindano, sikusema sioni dunia. Ile ni kaki. Tena kaki ya sare ya skauti, nimeishona mara mia."

Sentimita alikwenda hadi kwenye nguzo. Alikuwa akiipita kadi ile kila siku kwa miezi, na kitu unachokipita kila siku hukioni. Alikitazama sasa. Jua la asubuhi na jua la jioni vilikuwa vimeifanyia kadi kile vilichozifanyia nyasi, tena kwa kasi ileile, kama ndugu wawili waliotoka nyumba moja. Ni mhuri tu uliokuwa haujachujuka.

"Uzi ukiuweka dirishani unachujuka," mkewe alieleza kutoka getini, kwa sauti ambayo hata waliokuwa ghorofani waliisikia. "Kila fundi anajua. Ndiyo maana mimi naweka chini ya meza. Ninyi mnaopima watu hamjui?"

Mwingine angenyamaza. Sentimita, kwa bahati mbaya, ni mtu mkweli. Aliandika barua fupi kwenda kwa Mkuu wa Utawala, akimjulisha kwa heshima kwamba kadi imechujuka na si ya kijani tena. Barua ilirudi siku ileile, na pembeni yake, kwa ule mwandiko mzuri, palikuwa na maneno haya: *Kipimo hakipimwi. Tafadhali shughulika na nyasi.*

Alishughulika nazo. Alizifagia.

Siku ya ukaguzi jua lilikuwa kali mpaka mlinzi akavua kofia. Mtunza bustani alikuwa ameshamwambia mkewe ajiandae kwa lolote. Kamati ikajipanga kando ya nguzo. Mpimaji Mkuu alifumba jicho, akatazama kadi. Akatazama nyasi, ambazo zilikuwa na rangi ya bahasha ya kaki. Akarudi kwenye kadi. Akafumbua jicho la pili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia saa za kazi. Akalifumba tena.

"Zinalingana," alisema.

"Zinalingana?" karani aliuliza.

"Barabara. Sijawahi kuona kulingana kwa namna hii. Masika kulikuwa na tofauti kidogo, niliisamehe. Leo sina cha kusamehe." Kisha akageukia upande wa jiko. "Isipokuwa lile doa."

Wote walitazama lile doa. Lilikuwa kijani kama kasuku.

"Hilo limepotoka," alisema Mama Waraka kwa sauti yake ya chini. "Mtunza bustani, pale umefanya nini?"

"Nilimwagilia, mama."

"Usirudie."

Karani aliandika kwamba uwanja ni wa kijani isipokuwa pale palipo kijani. Kisha akayasoma aliyoyaandika, akakata, akaandika *isipokuwa doa moja*. Sentimita alipewa barua ya pongezi. Wiki zilizofuata watumishi, ambao ni watu wenye familia, walizoea. Walikuwa wakipita kwenye ile manjano na kusemezana kwamba mwaka huu kijani kimekolea. Mhasibu alimwambia mkewe anataka pazia za kijani kama uwanja wa kazini. Aliletewa pazia za kijani na akazirudisha dukani. Mtunza bustani alipiga moyo konde. Kila asubuhi alitunga sindano kumi na mbili, akaenda kazini, akafagia.

Mvua zilirudi Alhamisi moja mchana, bila kibali. Zilinyesha siku nne. Siku ya tano Sentimita alikuta uwanja umeamka: vijani vidogo vimechomoza kila mahali, kama habari njema zinazopita nyumba kwa nyumba. Siku ya kumi nyasi zilifika sentimita nne na akatoa mashine. Yeye hufurahi siku hiyo kila mwaka, na mwaka ule pia alifurahi, mpaka alipofika kwenye nguzo.

Ukaguzi wa tatu ulichukua dakika mbili.

"Umezidi," alisema Mpimaji Mkuu. "Umezidi sana. Hauko hata karibu."

"Mvua imenyesha, bwana mkubwa," Sentimita alisema.

Mama Waraka alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Aya ya mwisho," alisema.

Karani aliandika kwamba uwanja umeshindwa kwa kuzidi. Palitolewa siku ishirini na moja za kuurekebisha, kisha ukaguzi wa marudio, na kwa mujibu wa aya ya nne marudio huhesabiwa kuwa mara ya pili.

"Sasa ni rahisi," mlinzi alimshauri alasiri ile, na safari hii hakuwa anatania. "Zifunike. Turubai za mahema zimejaa stoo. Nyasi zikikosa jua zinageuka, kama mtu wa masjala. Siku kumi tu, unazo kaki zako."

"Niziue?"

"Si ulisema hazifi? Zilaze. Nani hapa halali?"

Sentimita alianza na jaribio, kama mtu wa Idara ya vipimo anavyopaswa kuanza. Alichukua mfuko mtupu wa saruji, akautandaza nyuma ya ua mahali pasipoonekana, akaweka tofali kila pembe. Baada ya siku sita aliuinua. Chini yake palikuwa na kipande cha uwanja kilichopauka, chenye ubaridi na harufu ya stoo, vijani vyake vimelala kila kimoja upande wake. Alikata kimoja akaenda nacho hadi kwenye nguzo. Rangi ilikuwa ileile ya kadi. Ushauri wa mlinzi ulikuwa sahihi kwa asilimia mia moja. Alikaa chini pale chini ya nguzo kwa muda ambao mlinzi, aliyekuwa akimtazama, anasema ulitosha kunywa chai na kusuuza kikombe. Kisha alikwenda stoo kuandikisha turubai nane, akaambiwa aje kuzichukua kesho.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye kigoda. Sindano ya kwanza ilimchoma. Ya pili uzi ulipita pembeni mara tano.

"Na wewe macho?" mkewe aliuliza.

"Si macho."

"Basi nini? Niambie kabla sijajua mwenyewe, maana nikijua mwenyewe nitakuwa mkali."

Akamwambia. Turubai, mfuko wa saruji, siku kumi. Mkewe alisikiliza bila kusimamisha kanyagio la cherehani, kisha akalisimamisha.

"Kwa hiyo unakwenda kuzinyonga nyasi ulizozilea miaka ishirini na sita ili ubaki hapa unitungie sindano."

"Ndiyo."

"Na mimi nikae hapa nishone vifungo vya watu kwa sindano za namna hiyo."

"Mama, nikienda ng'ambo nani atakutungia? Mwenye kutetemeka au mwenye kamba?"

Mkewe alinyoosha mkono chini ya meza akatoa boksi la nyuzi.

"Nikuulize swali la kazi," alisema. "Mteja ameniletea kitambaa chake. Mimi hapa sina uzi wa rangi ile. Nafanyaje? Nakichovya kitambaa cha watu kwenye rangi kilingane na uzi wangu?"

"Huwezi."

"Nafanyaje?"

"Unakata kipande kidogo cha kitambaa, unakwenda nacho dukani."

"Natafuta uzi unaolingana nacho. Haya. Maliza sindano zangu, hiyo ya bluu haijapita vizuri."

Sentimita alitembea zile dakika kumi na mbili akilifikiria jambo hilo, na alipofika kazini alikuwa bado analifikiria, kwa sababu kipimo hakipimwi. Huwezi kuiambia Idara kwamba kadi imekosea. Alikwishajaribu. Alikwenda tena kwenye nguzo, akaitazama kadi kutoka kila upande, safari hii si rangi yake bali kadi kama kitu, kama angekuwa anatazama ndoo au reki. Na kama kitu, mfuko wake wa plastiki ulikuwa umekauka kwa jua na kupasuka kuanzia pembe ya juu hadi kwenye msumari wa chini.

Stoo ya Idara ina fomu kwa ajili ya hilo. Ni Fomu ya Kubadilishiwa Kifaa Kilichochakaa, na mtunza bustani anaijua kuliko mtumishi mwingine yeyote, maana ndiyo iliyomletea makoleo mapya, glavu mpya na mpira mpya wa maji. Aliijaza kwa penseli kwanza, kisha kwa kalamu. Kifaa: *kadi moja na mfuko wake*. Sababu: *plastiki imepasuka, maji yanaingia*. Kulikuwa na sehemu iliyosema *Ambatanisha sampuli ya kinachohitajika*. Wakati wa koleo alikuwa amechora koleo. Sasa aliinama, akachuma jani moja la nyasi, akalibandika pale kwa gundi ya karatasi. Mtunza stoo alimfutia zile turubai nane kwenye daftari, akamwambia fomu ya namna hii lazima isainiwe na Mkuu wa Utawala.

Ofisi ya Mama Waraka iko ghorofa ya kwanza, na dirisha lake linatazama uwanja. Alikuwa anakunywa chai. Aliichukua fomu akaisoma yote, kama asomavyo kila kitu, pamoja na maandishi madogo ya mpiga chapa yaliyo chini. Alipofika kwenye lile jani alisita. Aliligusa kwa ncha ya kidole. Kisha aligeuza shingo akatazama nje dirishani, na macho yake yakatulia huko. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha juu ya uwanja, na uwanja, hapakuwa na namna nyingine ya kusema, ulikuwa umependeza.

Sentimita alisimama mbele ya meza na kofia yake mkononi. Baadaye alimwambia mkewe kwamba muda ule alikuwa akihesabu sindano kichwani, nne nyeusi, tatu nyeupe, na hakuweza kufika mwisho.

"Plastiki imepasuka?" aliuliza Mama Waraka.

"Imepasuka, mama. Kuanzia juu hadi chini."

"Na maji yanaingia."

"Yanaingia, mama."

"Kadi ya Idara haiwezi kuachwa iingie maji."

"Haiwezi, mama."

Alifungua kalamu, akaijaribu kwenye karatasi nyingine kama inatoa wino, akasaini. Alipomrudishia fomu aliishikilia kidogo, ikawa imeshikwa na wote wawili.

"Ile ya mwanzo nilikaa dukani saa mbili," alisema. "Nilidhani nimepata rangi nzuri sana."

"Ilikuwa nzuri, mama."

"Wewe usikae saa mbili."

Hakukaa. Muuzaji wa duka la rangi alilipokea lile jani kwa kibano, akaliweka juu ya meza, akapindua kadi. Alipata iliyolingana kwenye jaribio la nne. Haikuwa Namba Kumi na Nne. Ilikuwa na manjano kidogo zaidi, kwa sababu nyasi za mvua mpya huwa na manjano kidogo, na mtunza bustani alisisitiza. Nyuma ya kadi kuukuu palikuwa pameandikwa 14, basi mtunza stoo, ili hesabu ya vifaa isivurugike, aliandika 14 nyuma ya hii pia. Ikagongwa mhuri, ikatiwa plastiki, ikapigiliwa misumari minne.

Kwenye ukaguzi wa marudio Mpimaji Mkuu alifumba jicho. Alitazama kadi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kama kuna mtu katika Idara aliyejua kwamba kadi aliyoiona wiki tatu nyuma haikuwa hii, basi ni yeye. Lakini alikuwa na miaka thelathini kwenye chumba kile kisicho na dirisha, na maandishi mekundu yako mkabala na kiti chake.

"Zinalingana," alisema, na sauti yake, wanasema, ilikuwa na kitu kama shukrani.

Aya ya nne ikakosa kazi. Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameshaahidiwa ile rula kama kumbukumbu, alimpongeza mzee mwenzake na kumwomba angalau ampe ile ya zamani iliyovunjika ncha. Kipande kilichofunikwa na mfuko wa saruji kilichukua masika yote kupona, na Sentimita alikuwa akikitembelea kila Jumatatu, bila rula.

Hiyo sasa ni miaka miwili iliyopita. Mkewe bado anatungiwa sindano kumi na mbili kila asubuhi. Wakati wa harusi nyingi, kumi na tano. Doa la karibu na jiko limekatazwa chai. Plastiki ya kadi hupasuka kila baada ya miezi mitatu hivi, na mtunza bustani hujaza fomu, huchuma jani moja, hulitia kwenye bahasha ya ofisi na kwenda nalo dukani.

Waraka Namba Saba haujafutwa wala kurekebishwa, na uwanja haujawahi tena kushindwa ukaguzi. Kadi za Idara zina droo yake kwenye duka la rangi. Ziko nne, zote zimeandikwa 14, na muuzaji, ili asizichanganye, ameandika kwa penseli kwenye pembe ya kila moja jina la mwezi.